Injini ya MGB imegoma: nifunge V8 au ya Mazda?

SWALI: Shikamoo fundi. Marehemu baba ametuachia MGB ya 1972, gari dogo la michezo la Kiingereza, ile ya wazi isiyo na paa la bati. Imelala bandani hapa Leicester tangu 1997, imefunikwa turubai tu. Injini haizunguki kabisa. Jamaa mmoja ananiuzia V8 (injini ya silinda nane) ya alumini iliyotoka kwenye Range Rover iliyochinjwa. Mwingine ana Mazda MX-5 ya lita 1.8 iliyogongwa nyuma, na anaiuza yote kama ilivyo. Nafasi ninayo, mashine ya kuchomelea ninayo, na sina haraka. Nichukue ipi, na nianzie wapi?

JIBU: Marahaba, mwanangu, na pole sana kwa kuondokewa na mzee. Kwa sasa usinunue hata moja. Najua bei nzuri haisubiri, lakini injini ndiyo kitu cha mwisho kununuliwa katika kazi hii. Magari mengi ya aina hii niliyoyaona yamekwama katikati yalikwama kwa sababu mwenyewe alitanguliza injini. Ikakaa kwenye kona ya banda miaka mitatu huku pesa zikimezwa na kutu.

Kwa hiyo tuanze na kutu. MGB haina chesisi. Bodi yenyewe ndiyo inayobeba kila kitu, na sehemu kubwa ya nguvu hiyo imo kwenye vizingiti, yale masanduku marefu ya bati yaliyo chini ya milango. Kila kizingiti kina tabaka la nje, la ndani na la katikati, na maji yakishaingia humo hayatoki. MGB yenye paa la bati husaidiwa na paa lake. Lako halina msaada huo, vizingiti vikioza linapinda katikati.

Niliwahi kuletewa gari kama lako likiwa limeshafungwa injini nyingine, kazi safi, waya zimepangwa vizuri kabisa. Tulipolipandisha kwa jeki, mlango wa kulia ukagoma kufunguka. Bodi ilikuwa inajikunja. Injini ile ikatolewa tena, vizingiti vikakatwa, na mwenye gari akalipia kazi mara mbili. Iliniuma, maana kipimo cha dakika kumi kingemwokoa.

Kipimo chenyewe ni hiki. Gari likiwa juu ya magurudumu yake, pima uwazi kati ya mlango na nguzo ya nyuma, juu na chini, uandike. Kisha lipandishe kwa jeki upande huohuo, upime tena. Uwazi ukibadilika, bodi imechoka. Pitisha sumaku chini ya milango na kwenye madigadi, na pale inapokataa kushika ujue mtu fulani kabla yako ameficha kutu kwa lipu ya bodi. Ukikuta vifuniko vya kung'aa vya chuma cha pua juu ya vizingiti, vibandue bila huruma. Chungulia pia nyuma ya viti zinapokaa zile betri mbili za volti 6, halafu pale springi za nyuma zinaposhikia kwenye bodi. Sehemu hizo mbili huoza kimyakimya.

Vizingiti vikihitaji kukatwa, usiguse chochote kabla hujachomelea bomba la chuma kutoka nguzo ya bawaba hadi nguzo ya kitasa, pande zote mbili, gari likiwa limekaa sawasawa. Kisha fanya upande mmoja hadi uishe ndipo uhamie wa pili. Bahati nzuri bati za gari hili bado zinatengenezwa. Kampuni ya British Motor Heritage ilianza kutoa bodi nzima za MGB mwaka 1988, na vipande vya kurekebishia vinapatikana bila shida. Magari machache sana ya umri huo yana neema hiyo.

Sasa, hiyo injini "iliyokufa". Una hakika imekufa? Kabla ya yote hakikisha gia iko huru. Gari lililoegeshwa likiwa kwenye gia, breki zikashika kwa kutu, litakuonyesha injini iliyoganda kumbe injini haina kosa. Kama gia iko huru na bado haizunguki, toa plagi zote nne, mimina kwenye kila silinda oili ya giaboksi ya otomatiki iliyochanganywa na dizeli, uiache wiki nzima. Halafu tia spana kwenye nati ya puli ya mbele ya kranki na ujaribu kwa mkono, kidogo mbele, kidogo nyuma. Usiivute gari kwa kamba na usitumie stata, utavunja ringi za pistoni. Injini hii ya sentimita za ujazo 1798 ni bloku la chuma la kutupwa, kazi ya kizamani yenye moyo mgumu, na nimeona zilizolala muda mrefu kuliko yako zikiamka.

Ikizunguka, mwaga oili ya zamani, weka mpya, uizungushe bila plagi hadi geji ya oili ipande. Ndipo upime kompresheni, yaani msukumo wa hewa ndani ya kila silinda. Silinda zikikaribiana, una injini. Zikitofautiana sana, fungua kichwa cha injini. Na kichwa hicho utakifungua siku moja hata hivyo, kwa sababu gari lako liliegeshwa wakati petroli ya risasi bado inauzwa. Uingereza iliipiga marufuku kuanzia 1 Januari 2000. Ile risasi ndiyo iliyolinda viti vya vali za ekzosi, kwa hiyo sasa unahitaji viti vigumu vya kuchomeka. Karakana yoyote ya vichwa vya injini inaijua kazi hiyo. Badilisha na mipira yote ya mafuta, kwani petroli ya kawaida ya Uingereza tangu Septemba 2021 ina hadi asilimia 10 ya ethanoli, na mipira ya zamani huivumilia kwa muda mfupi tu.

Ukifanya hayo, ukaongeza giaboksi ya gia tano (ile ya Ford Sierra hufungwa sana kwenye MGB, na vifaa vya kuiunganishia vinauzwa tayari), una gari la farasi 95 hivi linaloweza kwenda mahali popote. Mimi mwenyewe ningeishia hapo. Injini hiyo ndiyo aliyoisikia baba yako kila alipowasha, na neno hilo kwangu ni hoja ya kiufundi pia: gari zima lilipimwa kwa uzito wake.

Uzito ndio somo kubwa la gari hili. Mwaka 1967 kiwanda chenyewe kiliweka injini ya silinda sita, ya sentimita za ujazo 2912, kikaliita MGC. Injini ile ilikuwa nzito kuliko ya kawaida kwa karibu kilo 95, tena zote mbele. Ikabidi sasipensheni ya mbele ibuniwe upya na boneti itiwe nundu. Waandishi wa magari wakalalamika kwamba pua ni nzito na gari halitaki kukata kona. Likaachwa mwaka 1969. Halafu mwaka 1973 kikaja na MGB GT V8, injini ya Rover ya sentimita za ujazo 3528, farasi 137. Silinda ni nane, lakini kwa kuwa ni ya alumini, uzito wake ni karibu sawa na wa ile ya silinda nne ya chuma. Likatulia barabarani. Yalitengenezwa 2,591 tu hadi 1976, na yote yalikuwa ya paa la bati. Unapoambiwa injini fulani ina farasi wengi, uliza kwanza ina kilo ngapi, na zinakaa wapi.

Kwa hiyo V8 ya huyo jamaa si wazo baya. Ni ya ukoo huohuo. Lakini sikiliza mambo yake. Mabati ya ndani ya madigadi na vishikio vya injini kwenye gari la 1972 havikuandaliwa kwa ajili yake. Ni kuanzia mwishoni mwa 1974, walipoleta bampa za mpira, ndipo MGB zote zilipopewa sehemu ya mbele iliyokubali V8. Kwako kutakuwa na kukata. Menifoldi ya ekzosi ya upande wa dereva itagombania nafasi na mhimili wa usukani, na wengi humaliza ugomvi huo kwa kupitisha menifoldi katika matundu ya ndani ya madigadi, kama MG RV8 ya 1993 ilivyofanya. Difu yako (gia za ekseli ya nyuma) ya uwiano wa 3.909 itaifanya injini ipige kelele bure kwenye barabara kuu, maana kiwanda kiliipa V8 uwiano wa 3.07. Breki za mbele nazo ziwe zile nene za V8. Na V8 iliyotoka kwenye Range Rover iliyochinjwa, isiyojulikana ilibadilishwa oili lini, mara nyingi ina kamshafti, ule mhimili unaofungua vali, iliyolika. Toa menifoldi ya juu na kifuniko cha chini yake utazame mwenyewe kabla ya kutoa hata senti. Muuzaji akikataa usitazame, mwache na injini yake.

Kama baada ya vipimo vyote injini ya baba imeshindikana, na bodi ni nzima, ningechukua ile Mazda. Sababu kubwa si nguvu. Ni kwamba unanunua gari zima. Injini ya kisasa iliyouzwa peke yake ni nusu ya injini, nusu nyingine ni kompyuta yake, waya zake, vihisio vyake, pampu yake ya mafuta, na ufunguo wake kama ina kizuizi cha wizi. Ukiwa na gari zima lililogongwa nyuma unaweza kuliwasha, ukasikiliza, ukalipima kompresheni likiwa limesimama kwenye uwanja wa muuzaji. Injini yake imekaa mbele na kusukuma magurudumu ya nyuma, kama yako, wala haizidi ile ya zamani kwa uzito. Giaboksi yake ya gia tano inaelewana vizuri na ile difu yako ya 3.909.

Inao mtego mmoja ambao huwakamata wengi. Giaboksi ya MX-5 haina kishikio cha nyuma kama giaboksi nyingine. Inaning'inia kwenye fremu ndefu ya alumini inayoiunganisha na difu ya Mazda. Ukiitoa bila fremu ile, haina pa kushikia, na utalazimika kuiundia kishikio kipya. Lipange hilo mapema.

Mafuta ni jambo la pili. Pampu ya MGB iliundwa kulisha kabureta kwa msukumo mdogo sana, wakati injini ya Mazda inataka karibu bar 3, na inataka bomba la kurudisha mafuta tangini. Tangi lako nalo halikuundwa kwa pampu ya namna hiyo, mafuta yakikimbilia upande mmoja kwenye kona, pampu itavuta hewa. Weka kitangi kidogo cha kati, na mabomba yote yawe ya daraja la injini za sindano, zile zinazopuliza mafuta kwa msukumo badala ya kabureta. Usibanie pesa hapo, moto haurekebishiki.

Namna ya kupanga nafasi ni kutumia bloku bovu. Tafuta bloku tupu la injini hiyohiyo, lisilo na kranki wala pistoni, pamoja na ganda la giaboksi. Watu wawili mnalinyanyua kwa mikono, mnaliingiza na kulitoa mara ishirini bila winchi. Tazama sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, inagonga wapi kwenye mhimili wa mbele unaobeba sasipensheni, tazama rejeta, boneti, mkono wa gia unaangukia wapi. Ukishapata mahali pake, pima pembe. Mstari wa giaboksi na mstari wa difu viwe sambamba, tofauti isizidi nyuzi moja hivi, la sivyo propela shafti, mhimili unaopeleka nguvu nyuma, itatetemesha gari na utaitafuta sababu hadi uchoke. Ndipo uchomelee vishikio. Kabla ya kuingiza injini yenyewe, badilisha mkanda wa taimingi, pampu ya maji, klachi na sili ya nyuma ya kranki, maana hutazifikia tena kirahisi.

Breki, mabomba yake na springi zimalizike kabla injini mpya haijawahi kulisogeza gari hata hatua moja.

Karatasi pia. DVLA, idara ya Uingereza inayosajili magari, wapelekewe namba na ukubwa wa injini mpya pamoja na ushahidi kama risiti, na kampuni ya bima iambiwe kabla hujaingia barabarani. Gari lililopita miaka 40 kwa kawaida husamehewa ukaguzi wa MOT, lakini kufunga injini ya aina nyingine kunaweza kulihesabu kuwa limebadilishwa sana na likapoteza msamaha huo. Mimi hulipeleka gari la namna hii kukaguliwa kila mwaka hata lisipolazimishwa. Jicho la pili chini ya gari la miaka hamsini nalitaka.

Injini ya baba ikitoka, usiiuze. Ipake oili ndani, ifunge matundu, iweke juu ya mbao mahali pakavu na namba yake ionekane. Jumamosi hii chukua futi na sumaku, upime milango, na wiki ijayo niandikie vipimo vya pande zote mbili pamoja na jibu la ile spana kwenye puli.