Neema, kabla hujajaza stoo

Mwanangu Neema,

Ujumbe wako nimeusoma. Unasema hapo Mbagala sembe imepandishwa bei mara mbili tangu Krismasi, sukari nayo imeanza kunyanyuka, na wenzako wa kijumbe, mchezo wenu wa kuchangiana fedha kwa zamu, wananunua viroba vya unga kumi kumi. Kijumbe cha mwezi huu kimekuangukia wewe, na mkwe wangu anataka fedha yote iingie kwenye chakula kabla mambo hayajawa magumu zaidi. Umeniuliza kama mjaze stoo au msijaze, na mkijaza, mnunue nini na kiasi gani.

Jazeni, lakini msijaze vyote Februari. Kila kitu kina mwezi wake, na anayenunua kwa hofu mara nyingi hununua mwezi usio wake.

Anza na mahindi, maana ndiyo yatakayokula fedha nyingi. Mikoa inayoilisha Dar, yaani Ruvuma, Njombe, Iringa, Songwe, Rukwa na Mbeya, huvuna kati ya Mei na Agosti. Bei huwa chini Juni hadi Agosti, halafu inapanda polepole mpaka Januari, Februari na Machi, ghala za wakulima zikiwa zimekaukiwa. Ukinunua magunia matatu leo umeyanunua kileleni. Ikifika Julai utakuwa bado unakula mahindi ya bei ya Februari wakati jirani yako ananunua mapya kwa bei ya chini. Tena huu ni msimu wa mahindi ya vuli, yanayovunwa Januari na Februari. Mkulima wa vuli anakimbizana na masika, na mengi yanaingia sokoni hayajakauka sawasawa. Kwa hiyo mpaka Juni nunueni ya mwezi mmoja mmoja, na fungu la mahindi la kijumbe liwekeni benki au kwenye simu likisubiri Julai. Mchele na maharage mengi ya kusini nayo huingia sokoni kuanzia Mei na Juni, kwa hiyo yaendee hivyo hivyo.

Sukari ni kinyume chake. Viwanda vyetu vya Kilombero, Mtibwa, Kagera na TPC hupunguza kazi au hufunga kabisa wakati wa masika, kwa sababu miwa haikatwi wala haisombwi kwenye tope, na ndipo mitambo inapofanyiwa matengenezo. Mwanzoni mwa 2024 mvua za El Niño ziliingia mashambani mapema, uzalishaji ukasimama kabla ya wakati, na nchi nzima iliona sukari ilivyoadimika. Basi sukari nunua sasa. Ninyi watano, kwa wastani wa gramu 30 kila mtu kwa siku, miezi mitatu ni kilo 13 na nusu. Kilo 14 zinawafikisha mwishoni mwa masika. Mfuko wa kilo 50 hamuuhitaji, na ukiufungua chumba kile chenye joto la baharini utavuta unyevu na kuwa mawe kabla hamjafika nusu.

Mafuta ya kula yana tabia yake, kwa sababu bei yake haiamuliwi hapa. Tarehe 28 Aprili 2022 Indonesia, inayozalisha mawese kuliko nchi yoyote duniani, ilizuia kuyauza nje. Watu walikimbilia madukani kununua ndoo. Tarehe 23 Mei zuio likaondolewa, na katikati ya mwaka huo bei ya mawese katika soko la dunia ikashuka sana. Aliyejaza ndoo nne mwezi Mei alibaki nazo. Ya mwezi mmoja na nusu yanatosha kukuvusha kwenye mshtuko wa namna hiyo.

Sasa kiasi. Usikisie kwa magunia, hesabu kwa matumbo. Kipimo kinachotumika sana katika mgao wa chakula cha dharura ni gramu 400 za nafaka kwa mtu kwa siku, gramu 60 za maharage au kunde, gramu 25 za mafuta na gramu 5 za chumvi. Wewe na mwenzako mtakula hizo 400, wajukuu zangu watatu wahesabie 250 kila mmoja. Hiyo ni kilo 1.55 kwa siku, kama kilo 47 za nafaka kwa mwezi, sembe na mchele vikiwa pamoja. Maharage kilo 9, mafuta kama lita 4, chumvi robo tatu ya kilo. Kabla hujaziamini namba zangu, andika kwa wiki mbili mnachopika kweli, kwa mizani na si kwa kikombe, kisha rekebisha. Kisichopikwa nyumbani kwenu msikiweke kabisa. Kuna watu wana katoni za makopo ambazo watoto hawazigusi mpaka zinapitwa na tarehe.

Lengo liwe akiba ya miezi mitatu ya nafaka, maharage na sukari, na mwezi mmoja hadi mmoja na nusu ya mafuta. Zaidi ya hapo, kwa vyumba viwili, mtakuwa mnawalisha wadudu.

Julai ikifika, nunua kwa kilo. Gunia la kilo 100 lina haki ya kuwa na kilo 100. Lumbesa, lile gunia lililojazwa kupita kipimo mpaka likawa na kofia, inamuumiza mkulima, na mnunuzi naye hajui alichopata. Usinunue kabla ya kupima ukavu. Chukua chupa ya glasi iliyo kavu kabisa, tia mahindi hadi theluthi, ongeza vijiko viwili vya chumvi uliyoikausha kwenye sufuria na kuipoza. Funga, tikisa dakika moja, acha dakika 15. Chumvi ikinata kwenye kuta za chupa, unyevu umezidi asilimia 15, yaache mahindi hayo. Isiponata, yako chini ya 15, lakini kipimo hiki hakiwezi kukutofautishia 14 na 13, na sisi tunataka 13 au chini yake. Kwa hiyo hata yaliyofaulu yaanike siku moja au mbili kwenye turubai, tabaka jembamba, ukiyageuza kila saa. Yaanue mapema alasiri, maana hewa ya Dar ya jioni inayarudishia unyevu uliokwisha kuutoa. Yaache yapoe kivulini ndipo uyafunge. Ukiyafunga yangali ya moto yatatoa jasho ndani, na hapo ndipo kuvu huanza.

Kabla ya kufunga, kaa chini na wasaidizi wako mchambue. Toa punje zilizopasuka, zilizobadilika rangi, zenye unga wa kijani au kijivu. Hapa sitaki uchoke, Neema. Sumukuvu, yaani sumu inayotolewa na kuvu, haionekani, haina ladha, na haifi kwa kupikwa. Mwaka 2016 iliua watu Dodoma na Manyara, na mwaka 2004 kule mashariki mwa Kenya, Makueni na Kitui, walikufa watu 125. Kuchambua hakuiondoi yote, lakini sehemu kubwa hukaa kwenye hizo punje mbovu. Na usiwape kuku au ng'ombe wa jirani ulichokitoa, sumu inapita mpaka kwenye maziwa. Fukia.

Kuhifadhi, una njia mbili nzuri bila dawa. Ya kwanza ni mfuko usiopitisha hewa, ule wa tabaka tatu unaoitwa PICS au kinga njaa: mifuko miwili ya nailoni nzito ndani, na kiroba cha kawaida nje. Puliza kila mfuko wa ndani na uukandamize kusikiliza kama unavuja. Jaza wa ndani kabisa, tikisa punje zishuke, acha nafasi ya kama sentimita 30 juu, kamua hewa, sokota shingo, ikunje, funga kwa kamba. Kisha funga wa pili peke yake, halafu wa nje. Mkifunga yote mitatu kwa fundo moja, hewa inapita na kazi yote imepotea. Wadudu waliomo wanamaliza hewa yao wenyewe, wanaacha kula, wanakufa. Chukua ya kilo 50 badala ya 100, kwa sababu kila ukifungua hewa mpya inaingia.

Njia ya pili inawafaa zaidi ninyi wenye nafasi ndogo: madumu ya lita 20. Dumu moja huchukua kama kilo 15 za mahindi, kwa hiyo madumu matatu ni nafaka ya mwezi. Liwe lilikuwa la maji au mafuta ya kula, kamwe lisiwe la petroli au dawa. La mafuta lioshwe kwa sabuni na maji ya moto mpaka harufu iishe. Lijaze maji, lipindue, uone kama kizibo kinavuja, kisha lianike siku mbili likauke mpaka kwenye kona za mshikio. Mimina kwa faneli, tikisa, ongeza, mpaka punje zifike mdomoni. Dumu lililojaa nusu lina hewa ya kutosha kulea fukusi miezi mingi. Kata duara la mpira wa tyubu ya baiskeli, liweke chini ya kizibo, kaza. Andika tarehe kwa kalamu isiyofutika, na la zamani lifunguliwe kwanza.

Adui mkubwa wa mahindi ni dumuzi, yule wanayemwita Scania, aliyetoka Amerika ya Kati na kuonekana Tabora mwanzoni mwa miaka ya 1980. Fukusi wa kawaida hula punje, dumuzi huigeuza unga, na anaweza kutoboa hata nailoni. Anakaa kwenye mbao na kwenye mihogo mikavu pia, kwa hiyo makopa yasikae chumba kimoja na mifuko yenu, na chaga mtakayoiweka chini iwe haina vitobo. Acheni sentimita 30 kutoka ukutani. Mfuko ukigusa ukuta wenye unyevu, upande ule ndio utakaoota kuvu. Na hesabu hasara kabla ya kuota faida: ukipoteza kilo 10 kati ya 100, bei lazima ipande kwa asilimia 11 ndipo urudishe fedha yako tu.

Mtu asikushawishi kutumia vidonge vya kufukizia ghala. Vinatoa gesi ya fosfini vikikutana na unyevu wa hewa, na gesi hiyo huua watu waliolala chumba cha pili. Ni vya wataalamu, kwenye ghala lililofungwa ambalo halali mtu.

Maharage yatakuja yakiwa safi, na baada ya mwezi utaona vitobo vya mviringo. Mayai yalitoka nayo shambani. Yafunge kwenye dumu siku ile ile uliyoyanunua. Usiyaweke zaidi ya miezi sita, kwa sababu joto na unyevu huyafanya magumu yasiive, na hapo utalipa kwa gesi ulichookoa kwa bei.

Unga msinunue viroba kumi. Dona lina kiini chenye mafuta, na kwa joto la Dar linaanza uchungu baada ya wiki chache. Sembe hukaa zaidi, lakini ikikaa muda mrefu hupata wadudu na harufu ya vumbi. Weka punje, peleka mashineni kilo 10 au 12 kila wiki. Kumbuka gunia la kilo 100 likikobolewa hutoa sembe kama kilo 70 hadi 75, kwa hiyo mkichanganya siku za dona na za sembe akiba inarefuka.

Mafuta yakae gizani, chombo kimejaa na kimefungwa, mbali na jiko. Ya alizeti yasiyosafishwa kiwandani yatumieni kwanza. Chumvi ya madini joto ifungwe vizuri, unyevu na mwanga huipunguzia madini joto. Sabuni ya miche nunua katoni, itoe kwenye plastiki na uipange yenye nafasi hewa ipite: ikikauka inaisha polepole. Lakini isikae karibu na unga wala mchele, vitanuka.

Gesi, kuwa na mtungi mmoja wa ziada. Unapoununua dai mizani: uzito wa mtungi mtupu umechapwa mwilini mwake, ongeza 6 au 15 kulingana na mtungi, ndiyo namba unayopaswa kuiona. Ukae wima, mahali penye hewa, usiwe chini ya kitanda, kwa sababu gesi ikivuja huzama na kutulia sakafuni. Paka povu la sabuni kwenye maungio kila unapobadilisha. Petroli isiingie ndani kabisa, hata chupa moja.

Na jambo la dukani kwa Mangi: ukikuta amebakiwa na pakiti sita za sukari, chukua mbili. Wapo wanaonunua robo robo kila jioni, na rafu ikibaki tupu wao ndio wanaolala bila chai.

Kwa fedha ya kijumbe basi, mwezi huu toa ya sukari kilo 14, sabuni katoni moja, chumvi kilo 3, mafuta lita 6, nafaka ya mwezi mmoja na mtungi wa ziada. Madumu anzeni kuyakusanya polepole, yanahitajika tisa ya nafaka na mawili ya maharage. Nitumie vipimo vya ile kona nyuma ya mlango, urefu na upana, ili nimwambie fundi akate chaga inayoenea kabla ya Julai.

Wasalimie wajukuu na mkwe wangu.

Mama yako