Ukirudi Nairobi Kutoka Ushago, Taja Ulikotoka

Siku ya kumi na moja baada ya kurudi Umoja kutoka kwa mama huko Siaya, nilitetemeka chini ya blanketi mbili hadi kitanda kikalia. Kliniki ya mtaani ilinipa dawa za taifodi bila kunitoboa hata kidole. Jioni mama akapiga simu: "Umewaambia ulikuwa huku?" Sikuwa nimewaambia, wala hawakuuliza. Kesho yake nikaenda kwingine, nikapimwa damu, vimelea vya malaria vikaonekana.

Niliumia kwa sababu nilijiona mwenyeji wa malaria. Niliiugua utotoni mara nyingi. Lakini kinga ile hujengwa kwa kuambukizwa mara kwa mara, na ukikaa Nairobi miaka mingi inafifia. Huku tuko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na baridi hii ndiyo ngao yetu. Kimelea lazima kikomae kwanza ndani ya mbu: kwenye joto la nyuzi 25 huchukua kama siku 12, lakini joto likishuka kuelekea nyuzi 16 kinakwama, mbu akafa kabla hajakiambukiza kwa mtu. Siaya, karibu na ziwa, hakuna baridi ya kukikwamisha.

Basi ukishikwa na homa baada ya safari, hata wiki kadhaa zikiwa zimepita, taja kaunti uliyotoka na tarehe uliyorudi, kisha uombe kupimwa malaria. Usingoje kuulizwa.

Tena kuna suala la damu. Mwaka 1949 daktari Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alipima watu sehemu mbalimbali za nchi akakuta jeni ya selimundu, ugonjwa wa kurithi unaozipa chembe nyekundu za damu umbo la mundu, ni ya kawaida pwani na kandokando ya Ziwa Victoria, lakini adimu nyanda za juu. Aliyerithi jeni hiyo kwa mzazi mmoja hupata kinga kubwa dhidi ya malaria kali, ingawa bado anaweza kuugua. Aliyeirithi kwa wazazi wote wawili ana ugonjwa wenyewe, na kwake malaria ni hatari mno. Kama mna mpango wa kuzaa, pimweni nyote wawili.

Sisi tulipima. Mimi ninayo, mume wangu, ambaye kwao ni Nyeri, hana. Wanetu wamesalimika na ugonjwa huo, ila mume wangu hana kinga ya damu wala ya utotoni. Kwa hiyo tukienda Siaya Desemba, neti ya kwanza kufungwa ni ya kitanda chake.