Jibu: Wanafunzi wanaoitikia kila tamko la serikali

Mwalimu, umeuliza utawafanyaje vijana wako wa kidato cha tatu hapa Lamu waache kuitikia "ndiyo" kila serikali ikisema jambo. Usianze na siasa za leo, wataogopa, na wazazi watakujia juu. Anza na mradi wa umeme wa makaa ya mawe, ule wa Kwasasi. NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, iliupa leseni 2016, tukaambiwa wananchi wameshirikishwa. Juni 2019 jopo la kitaifa la kuamua kesi za mazingira (National Environment Tribunal) likaifuta leseni hiyo, likasema ushirikishwaji haukutosha. Basi waulize: nani aliitwa, wapi, aliambiwa nini, karatasi iko wapi? Kisha waandike barua ya kuomba taarifa. Sheria ya kupata taarifa ya 2016 (Access to Information Act) inampa raia haki hiyo. Na wakikubishia wewe darasani, usinune (walimu wengi hukwama hapo).