Je, muda hukaa kwenye mhimili mlalo siku zote?

SWALI: Ndugu Mhariri, katika jaribio la pendulamu (kigololi kinachoning'inia kwenye uzi na kubembea) nilikuwa nikibadilisha urefu wa uzi, kisha nikipima muda wa mibembeo 20 na kuugawa kwa 20 ili nipate muda wa mbembeo mmoja. Wakati wa kuchora grafu niliweka muda kwenye mhimili mlalo, kwa kuwa nimeshika tangu zamani kwamba muda hukaa chini siku zote. Mwenzangu aliweka urefu chini, na muda kwenye mhimili wima. Ni nani kati yetu aliyepatia, na nitajuaje safari nyingine?

JIBU: Mwenzako ndiye aliyepatia, ingawa kanuni uliyoishika ina chanzo chake. Ukipima joto la maji yanayopoa, wewe ndiwe unayeamua kuyatazama kila baada ya dakika 1, na maji hayana la kusema juu ya saa yako. Yanachojibu ni joto tu. Muda hukaa chini hapo kwa sababu umeupanga wewe, na majaribio ya namna hiyo ni mengi kiasi kwamba mtu huishia kudhani kuwa mhimili mlalo ni mali ya muda.

Sasa rudi kwenye pendulamu yako. Kabla hujaanza kupima ulikwisha kuamua kwamba uzi utakuwa wa sentimita 25, kisha 50, kisha 100, lakini hukuweza kuamua kwamba mbembeo uchukue sekunde 1 au 2, bali ulingoja pendulamu ikuambie. Kile unachokipanga mwenyewe huitwa kigeu huru nacho huwekwa kwenye mhimili mlalo. Kile kinachokuja kama jibu huitwa kigeu tegemezi nacho huwekwa kwenye mhimili wima. Kwa hiyo, kabla ya kushika rula, tazama jedwali lako la vipimo ujiulize ni safu ipi ungeweza kuijaza kabla jaribio halijaanza. Lugha ya swali lenyewe husaidia pia, kwani ukiambiwa uchore grafu ya muda dhidi ya urefu, kinachotajwa kwanza ndicho cha mhimili wima.

Zipo desturi zinazokwenda kinyume, na ni vyema uzijue zisije zikakuyumbisha. Wanauchumi huweka bei kwenye mhimili wima hata wanapouliza jinsi bei inavyobadili kiasi kinachonunuliwa, mazoea yanayohusishwa na Alfred Marshall, Mwingereza aliyechapisha kitabu chake kikuu mwaka 1890. Wachunguzi wa bahari nao huweka kina kwenye mhimili wima, sifuri ikiwa juu, ili mchoro ufanane na maji yenyewe.

Pale ambapo hukupanga chochote, kwa mfano umepima kimo na uzito wa watu, weka kwenye mhimili wima kile unachotaka kukikadiria. Hili si suala la sura tu: njia ya kawaida ya kutafuta mstari unaofaa hupunguza kadiri iwezekanavyo jumla ya miraba ya umbali wa wima kati ya nukta na mstari, hivyo ukibadilishana mihimili, kwa kawaida utapata mstari mwingine.

Ukiichora upya grafu yako, utaona mkunjo, kwa kuwa uzi wa sentimita 25 hutoa takriban sekunde 1, na wa sentimita 100 takriban sekunde 2 tu. Weka basi mraba wa muda kwenye mhimili wima, na urefu kwa mita kwenye mhimili mlalo, nawe utapata mstari ulionyooka wenye mteremko ulio karibu na 4; ukigawa 39.5 (yaani 4π², iliyomo katika kanuni ya pendulamu) kwa mteremko huo, utapata mchapuko wa uvutano wa dunia, takriban mita 9.8 kwa sekunde kwa sekunde. Mstari usipopita pale mihimili yote miwili inaposoma sifuri, kagua kwanza kama urefu uliupima hadi katikati ya kigololi, au uliishia pale uzi ulipofungwa.