Bei ya jino la kupandikiza: uliza inajumuisha nini

Pole na jino, ndugu. Umeuliza kwa nini kliniki mbili zimekutajia bei zinazopishana sana kwa jino moja. Mara nyingi hazitaji kitu kimoja. Kuna skrubu ya titani inayoingizwa kwenye mfupa wa taya, kuna kiunganishi juu yake, halafu kuna taji, yaani jino lenyewe linaloonekana. Bei ndogo mara nyingi ni ya skrubu peke yake! Kung'oa jino bovu, picha za taya na kuongezewa mfupa kama umepungua huja baadaye kama gharama za pembeni, na hiyo ya mfupa ndiyo huwashtua wengi. Omba mchanganuo wa maandishi, kila kipengele na bei yake, na uulize skrubu isiposhika nani atalipia marudio.

Kuhusu malipo, mfupa huhitaji kama miezi 3 hadi 6 kushikana na skrubu kabla ya taji kuwekwa. Muda huo ni nafasi yako: omba kulipa kwa hatua badala ya kukimbilia mkopo wenye riba. Bima nyingi hazigusi skrubu lakini baadhi hulipia taji au kung'oa, kwa hiyo pata kibali chao kwa maandishi kabla ya kuanza.

Na kama unavuta sigara au sukari yako iko juu, mwambie daktari mapema, maana vyote viwili huongeza uwezekano wa skrubu kukataa.