Barua kwa mwanangu: kwa nini naaga kwa msimu mzima

Mwanangu mpenzi,

Salamu nyingi. Barua yako nimeipata na nimeirudia kuisoma. Umeniuliza, baada ya kuliona tangazo letu: "Mama, kama umeamua kuacha kuuongoza ukumbi wetu wa maigizo, si uondoke tu? Ya nini kutangaza leo, kisha uendelee mwaka mzima na michezo mitano ya kuaga? Na mbona Tufani ya Shakespeare haimo, nawe tangu nikiwa mdogo ulikuwa ukisema utaaga kwa Tufani?" Maswali hayo nimeulizwa na wengine, nikawajibu kwa mkato. Wewe umekulia nyuma ya pazia, umelala juu ya marundo ya maleba nikiwa mazoezini. Wewe nitakujibu kwa urefu.

Nianze na hili la kutangaza mapema. Watazamaji huuona msimu siku pazia linapofunguliwa, lakini sisi wa ndani tunaanza kuupika mwaka mmoja nyuma, au zaidi. Haki za kuigiza lazima ziombwe, na mwenye haki anaweza kukataa. Mwongozaji unayemtaka ana kazi kwingine hadi mwezi fulani. Mafundi wa mandhari wanataka michoro kabla hawajakata ubao wa kwanza. Mkurugenzi wa sanaa, yaani mchaguzi wa michezo kama mimi, akiondoka ghafla, anayemfuata hukuta kalenda tupu, au hukuta kalenda iliyojaa kazi asizoziamini, na lawama zote zinamwangukia yeye. Nicholas Hytner alitangaza Aprili 2013 kwamba ataiacha National Theatre ya London mwishoni mwa Machi 2015. Mrithi wake, Rufus Norris, alitajwa Oktoba ya mwaka huohuo wa 2013, akapata zaidi ya mwaka mzima wa kupanga mambo yake kabla hajakabidhiwa ofisi. Anayekuja baada yangu sina cha thamani zaidi cha kumpa kuliko muda, nami nimeona nimpe wa kutosha.

Sasa kuhusu michezo mitano, na kwa nini hii mitano. Msimu huu nimeupanga kama mtu anayelipa madeni kabla ya safari. Katika kazi yetu tunatoa ahadi nyingi sana, mwanangu. Unamwambia mwandishi kwamba tamthilia yake itapanda jukwaani, kisha fedha zinapungua, inasogezwa msimu ujao, na ule ujao nao una shida zake. Unamwambia mwigizaji kwamba zamu yake ya kuwa mhusika mkuu itafika. Unamwambia msaidizi wako kwamba ipo siku ataongoza onyesho la jukwaa kubwa. Ahadi hizo haziko kwenye mkataba wowote. Mrithi wangu hazijui, na wala hana wajibu nazo. Nikiondoka kimya kimya, zinakufa siku nitakayorudisha ufunguo.

Kwa hiyo sikuanza kwa kuchagua tamthilia. Nilichukua daftari nikaandika majina ya watu, kisha ndipo nikatafuta michezo inayowafaa.

Jina la kwanza lilikuwa la mwigizaji wetu mkongwe, yule unayemwita mama mkubwa ingawa hatukuzaliwa tumbo moja. Umemwona akiwa jirani, mtumishi, mkunga, mlinda lango, mama wa bwana harusi. Ni mtu ambaye waongozaji humpa sehemu ndogo kwa kuwa wanajua hataiharibu, na hiyo ndiyo adhabu ya mtu mwaminifu katika sanaa hii. Msimu huu yeye ndiye malkia. Siku ya kupima maleba nilikuwepo. Fundi alitoa lile gauni zito la rangi ya damu ya mzee, akaligeuza ukosi, na pale ndani pakaonekana vipande vya utepe vilivyoshonwa kimoja juu ya kingine, kila kimoja kina jina la mwigizaji aliyewahi kulivaa. Wino wa majina ya chini umeshafifia. Mama mkubwa alivaa miwani akayasoma yote kwa sauti, mengine akiyajua na mengine hapana. Kisha akamwuliza fundi lake litashonwa wapi. Nimekusimulia haya ili uelewe kwamba mchezo ule haukuwekwa kwa sababu ya jina la mwandishi wake, ingawa ni mwandishi mkubwa.

Deni zito kuliko yote ni la mwandishi kijana ambaye tamthilia yake nimeisogeza mbele tena na tena. Tatizo lake ni moja: ina watu kumi na mmoja. Kwa anayeingia kutazama, huo ni mchezo wa kawaida. Kwa anayeandaa bajeti, kila mwigizaji ni mshahara wa majuma ya mazoezi na majuma ya maonyesho, ni maleba, ni nauli, ni mahali pa kujipakia rangi usoni. Ndiyo maana waandishi wapya husukumwa waandike watu watatu ndani ya chumba kimoja, mpaka wanazoea, mpaka wanasahau kwamba jukwaa linaweza kubeba kijiji kizima. Jambo hili linaniuma kweli. Waandishi waliokufa zamani tunawapa waigizaji ishirini bila kuuliza, na aliye hai, anayehitaji kujifunza jinsi umati unavyoingia na kutoka, tunamwambia apunguze.

Safari hii hapunguzi. Tumepata njia kwa kuupanga msimu wote kumzunguka yeye. Tunafungua na vichekesho vya zamani ambavyo watu hawachoki navyo, kwa kuwa vinauza tikiti mapema na kuleta fedha mkononi. Mchezo wa tatu una waigizaji wawili, meza na viti basi. Watazamaji wataupenda kwa haki yake, na mimi naupenda, lakini ujue pia kwamba watu wawili wale ndio wanaowalipia wale kumi na mmoja. Mchezo wa kijana ndio utakaofunga msimu. Bodi walitaka kufunga na kazi yenye jina, nami nikawakumbusha kwamba kazi ya mwisho ya Hytner kuiongoza akiwa mkurugenzi pale National, Januari 2015, ilikuwa tamthilia mpya kabisa ya Tom Stoppard. Stoppard alikuwa na jina kubwa, huyu wetu bado. Lakini nilisema, na nasimamia neno langu, kwamba watazamaji wakitoka usiku wa mwisho nataka wawe wanabishana juu ya mwandishi ambaye bado ana kazi nyingi mbele yake.

Wapo walioaga kwa namna nyingine, na waliaga vizuri. Dominic Dromgoole alipokuwa anauacha ukumbi wa Shakespeare's Globe mwaka 2016, majira ya baridi ya mwisho aliyatumia kwa tamthilia nne za uzeeni mwa Shakespeare, zikaigizwa kwa mwanga wa mishumaa katika ukumbi mdogo wa ndani. Michael Grandage alimalizia kazi yake katika ukumbi wa Donmar Warehouse, London, mwishoni mwa 2011, kwa kuongoza Richard II, habari ya mfalme anayevuliwa taji akiwa hai. Nawaheshimu wote wawili. Ila mimi ningeogopa kumweka mfalme anayevua taji katika msimu wangu, maana watu wangeacha kumtazama mfalme wakaanza kunitafuta mimi gizani.

Na hapo ndipo inapoingia Tufani yako.

Kweli nilisema, na nilimaanisha. Nani katika kazi hii hajatamani kuaga kwa maneno ya Prospero, yule mchawi wa Tufani? Anavunja fimbo, anazamisha kitabu, kisha mwishoni anasogea mbele peke yake na kuwaomba watazamaji wamfungue kwa makofi yao. Shakespeare aliiandika mnamo 1611, na kwa vizazi vingi watu wameisoma kama kwaheri yake mwenyewe. Lakini historia haikuishia pale. Baada ya Tufani aliendelea kuandika, na safari hii aliandika pamoja na mtu, John Fletcher, mdogo kwake kwa miaka kama kumi na mitano. Waliandika pamoja tamthilia ya Mfalme Henry VIII, na ilikuwa katika onyesho la tamthilia hiyo, Juni 1613, ambapo mzinga uliopigwa kunogesha mchezo uliwasha paa la nyasi la Globe ya kale na ukumbi wote ukateketea. Waliandika pia The Two Noble Kinsmen. Shakespeare alipokufa mwaka 1616, Fletcher alikwisha kuwa mwandishi mkuu wa kikundi kile, naye aliujua mkono wa mzee kwa kuwa walikaa pamoja juu ya mswada mmoja.

Nilipoyatafakari hayo, Prospero alianza kuniacha. Nikaona kwaheri ninayoitaka ni ile ya Fletcher. Kwa hiyo nafasi niliyokuwa nimeiwekea Tufani nimempa msaidizi wangu, yule binti ambaye wewe ulisema anaongea kidogo mno kuwa mwongozaji. Mchezo wa nne ni wake. Amechagua mwenyewe, amechagua waigizaji mwenyewe, na mimi nimekaa safu ya nyuma na daftari. Tulikubaliana kwamba nitamwambia ninachokiona baada ya mazoezi, tukiwa wawili tu, na kwamba ana haki ya kukikataa. Juzi alikataa. Nilishauri mhusika aingie kutoka kulia, yeye akashikilia kushoto, na msimamizi wa jukwaa akaandika "kushoto" pembezoni mwa mswada kwa penseli, kama wanavyoandika kila kitu mpaka kithibitike. Jana nilipotazama tena, kushoto ndiko kunakomfanya mama wa mhusika awe wa mwisho kumwona. Nilifurahi mno kuliko ningefurahi kama wazo lingekuwa langu.

Unasema pia kwamba huenda ingekuwa heri kuondoka bila kelele, kazi ijisemee. Nakuelewa, lakini tazama mfano wa Molière, yule mwandishi na mwigizaji wa Ufaransa. Tarehe 17 Februari 1673 aliigiza mchezo wake wa mtu anayejidhania mgonjwa, likiwa onyesho la nne, naye mwenyewe ni mgonjwa kwelikweli. Husimuliwa kwamba walimsihi apumzike, akajibu kwa kuwafikiria wafanyakazi wa ukumbi ambao wasingepata ujira wa siku. Alimaliza mchezo, akapelekwa nyumbani, akafa usiku ule. Watu hulisimulia tukio hilo kwa mshangao, kwamba alifia kazini. Mimi huwa nawaza yaliyofuata. Ndani ya miezi michache ukumbi wao walinyang'anywa ukapewa Lully, bwana wa opera, na baadhi ya waigizaji wazuri wakahamia kikundi pinzani. Mjane wake Armande Béjart, na mwigizaji La Grange ambaye alikuwa akiandika hesabu za kila onyesho katika daftari lake, ndio waliokusanya waliobaki na kutafuta ukumbi mwingine. Mwaka 1680 mfalme aliviunganisha vikundi, ikazaliwa Comédie-Française, iliyopo hadi leo. Kikundi kilipona kwa sababu alikuwepo mtu mwenye daftari na mtu asiyekubali kukata tamaa. Molière hakupewa nafasi ya kupanga. Mimi nimepewa, na nina afya. Kuiacha nafasi hiyo ipite ningeona nimewadharau watu wangu.

Kuna hatari ya upande wa pili, na nimeifikiria. Msimu wa kuaga unaweza kugeuka matanga. Frank Castorf aliuongoza ukumbi wa Volksbühne wa Berlin tangu 1992 hadi 2017, na miongoni mwa kazi zake za mwisho pale ilikuwa tamthilia ya Faust ya saa kama saba. Lile gurudumu kubwa la chuma lenye miguu, lililokuwa alama ya ukumbi, liling'olewa mbele ya jengo kiangazi kile. Uchungu wa watu ulikuwa wa kweli, kwa kuwa kazi yenyewe ilikuwa kubwa na mabadiliko yaliletwa na wanasiasa. Lakini aliyekuja baada yake, Chris Dercon, alikuta ukumbi umejaa kilio, na Aprili 2018 alikuwa ameshajiuzulu. Mambo mengi yalichangia. Hata hivyo nimejifunza kuogopa mapenzi ya watazamaji yanapomsonga mtu mpya mlangoni. Ndiyo sababu nimekataa picha yangu kuwekwa kwenye bango. Bango lina majina ya waandishi watano na tarehe. Na mrithi akishatajwa, nitamwomba aje kila onyesho la kwanza, akae safu ya mbele, watu wamzoee.

Kuhusu swali lako la mwisho, nitafanya nini baadaye: mwaka wa kwanza sitakanyaga pale ila nikialikwa, na nikialikwa nitakuja kama mtazamaji mwingine, nitalipa tikiti. Mwigizaji Laurence Olivier aliijenga National Theatre kama kikundi tangu 1963, akaiacha mwaka 1973, na jengo jipya walilolingoja miaka yote lilifunguliwa 1976 chini ya Peter Hall. Ukumbi mkubwa kuliko yote mle ndani una jina la Olivier, ambaye hakuwahi kuigiza mchezo hata mmoja juu ya jukwaa lake. Sisi nasi tuna matengenezo ya jukwaa yatakayokwisha mimi nikiwa nimekwishaondoka, na nimeyasukuma kwa nguvu zilezile.

Sasa na mimi nina ombi. Najua unapanga kuja usiku wa mwisho kabisa. Usije usiku ule, tafadhali. Patakuwa na hotuba na machozi, na mchezo wa yule kijana hautasikika vizuri. Usije wa kwanza pia, maana waigizaji huwa na hofu na hukimbiza maneno. Njoo juma la pili, siku ya katikati ya juma, wakati wameshautuliza mchezo na kuanza kusikilizana. Niandikie tarehe zitakazokufaa kabla tikiti hazijaanza kuuzwa, nikuwekee kiti safu ya nyuma karibu na mimi, na uje na mume wako.

Mama yako