Usimwamulie mwenzako mhusika wake

Ndugu yangu wa Jinja, umeuliza kwa nini mwenzako wa Arua amekasirika katika hadithi mnayoigiza kwa maandishi kwenye WhatsApp, kila mtu na mhusika wake, ilhali wewe unajitahidi kuandika aya ndefu. Urefu si tatizo. Tatizo ni sentensi hii uliyotuonyesha: “Nilimpiga ngumi, akaanguka, akaanza kulia.” Kurusha ngumi ni juu yako. Kuanguka na kulia ni juu yake. Andika “Nilimrushia ngumi ya kidevu”, kisha muachie zamu. Yeye ataamua kama imempata, ameikwepa au ameudaka mkono wako. Utamu wa mchezo huu uko hapo hasa, kutojua kinachokuja.

Tena, mhusika wako amejuaje kwamba yule dereva wa boda ni jasusi? Wewe umelisoma hilo kwenye aya ya mwenzako. Mhusika wako alikuwa ng'ambo ya Nile, hakusikia neno.

Kuhusu mtindo, yeye anaandika “alikimbia”, wewe “ninakimbia”, na vitendo unavizungushia alama za nyota. Yote yanakubalika, ila chagueni mmoja. Mambo ya nje ya hadithi, kama umeme kukatika au bando kuisha, yawekeni ndani ya mabano mawilimawili ((hivi)). Na muulize mapema asichotaka kiandikwe, hasa mateso na mapenzi. Hilo mimi naliweka mbele ya sarufi yoyote.

Mtumie ujumbe leo, umwombe mlirudie tukio la ngumi.